Msanifu majengo ahame ofisi lini? Hesabu inayofanyika Kampala

Wasanifu majengo vijana wa Kampala wakikutana jioni, Ntinda au Bukoto, mazungumzo hayamaliziki kabla mmoja hajauliza kama abaki ofisini kwake au ahame. Wakubwa wana jibu lao: kaa miaka mitatu kwanza, usiwe na haraka. Wa rika lake nao wana lao: fuata pesa, ofisi si ya mjomba wako. Nimeyasikia yote mawili yakitolewa kwa uhakika mkubwa na watu ninaowaheshimu, na sioni kama yanamsaidia anayeuliza. La kwanza linapima muda kwa kalenda, la pili linaupima kwa mshahara wa mwisho wa mwezi. Ila ufundi wa msanifu majengo hukomaa kwa majengo aliyoyafuata tangu kiwanja kikiwa kitupu hadi mwenyewe akabidhiwe funguo, na majengo hayajui kalenda ya mtu.

Chukua jengo la kawaida tu, la ghorofa nne, la maduka chini na ofisi juu, pale Naalya. Mteja anakuja na hati ya kiwanja na maneno mengi. Anasikilizwa, linachorwa wazo la awali, anabadilisha mawazo, linachorwa jingine. Kisha inaandaliwa michoro ya kuombea kibali cha ujenzi. Baada ya kibali inafuata michoro ya kina, ile inayomwambia fundi kila kitu: kizingiti cha dirisha kikae vipi, maji ya bafuni yatoroke wapi. Halafu zabuni, mkandarasi, mikutano ya saiti kila wiki mbili, hati za malipo, mabishano juu ya kazi za ziada, makabidhiano, na baada ya hapo miezi kadhaa ya kuangalia kasoro kabla mkandarasi hajalipwa fedha yake iliyoshikiliwa. Mambo yakienda vizuri hiyo ni miaka miwili au mitatu. Pesa zikikatika katikati, na Kampala hukatika, inaweza kufika sita.

Kwa hiyo aliyekaa ofisi moja miaka mitatu anaweza kuwa ameona jengo zima, au ameona mwezi ule ule wa kazi ukirudiwa mara thelathini na sita. Hili la pili limeenea kuliko tunavyokiri. Yupo kijana aliyemaliza chuo kikuu, Makerere au Nkozi, kwa alama nzuri, akaingia ofisi yenye jina, akapewa kuchora vyoo, ngazi na jedwali za milango kwa sababu ana mkono mwepesi kwenye ArchiCAD, programu ya kompyuta ya kuchorea majengo. Mwaka wa tatu bado anachora vyoo. Ana kasi ya ajabu. Saiti ameikanyaga mara chache, akiwa amebebeshwa bahasha ya michoro.

Watu wengi hudhani hali hii inatokana na roho mbaya ya bosi. Mara nyingine ndiyo, lakini mara nyingi inatokana na jinsi ofisi inavyolipwa, na asiyeelewa hilo atahama ofisi tano akikutana na jambo lile lile. Ada ya msanifu hulipwa kwa hatua. Sehemu kubwa inakusanywa kabla ujenzi haujaanza, kwenye wazo na michoro, na sehemu ya usimamizi inabaki mwishoni. Sasa, wateja wengi wa binafsi Kampala na Wakiso hujenga kwa fedha taslimu, kipande kwa kipande, mwaka huu msingi, mwaka ujao kuta. Mteja wa aina hiyo akishapata kibali huona msanifu amemaliza kazi. Anamchukua fundi wake, pengine ndugu yake, wanaanza. Ofisi haioni shilingi ya usimamizi, na ofisi isiyolipwa usimamizi haina sababu ya kumtuma mtu saiti kwa boda boda kila Alhamisi. Ndiyo maana kijana anaweza kuwa na michoro kumi iliyopitishwa na KCCA, mamlaka ya jiji la Kampala, asiwe na jengo hata moja lililosimama alilolifuatilia. Kosa halipo kwake, wala kwa bosi peke yake. Limo katika aina ya wateja wa ofisi ile.

Hapo ndipo hesabu ya kuhama inapoanzia. Usijiulize umekaa muda gani. Jiulize ni hatua ipi ya jengo hujawahi kuishika kwa mikono yako, kisha utazame kama ofisi uliyopo ina mradi unaoielekea hatua hiyo katika miezi kumi na miwili ijayo. Kama upo, na kuna dalili kwamba utapewa, kaa hata kama umechoka. Kama upo lakini hupewi, omba. Omba wazi, si kwa kunung'unika jikoni wakati wa chai: mzee, ule mradi wa Mukono ukianza ujenzi, naomba niwe mimi ninayeandika kumbukumbu za mikutano ya saiti. Ni ombi dogo, linampunguzia bosi kazi, na anayeandika kumbukumbu hujifunza kila kitu kwa sababu analazimika kuelewa kila mtu alichosema. Ukikataliwa bila maelezo, na mradi unaofuata ukakataliwa tena, umeshajibiwa. Na kama mradi wenyewe haupo, kwa sababu ofisi inaishi kwa kuuza michoro ya vibali tu, kukaa mwaka mwingine hakutauleta.

Wakati mbaya kuliko wote wa kuondoka ni kati ya zabuni na kupauliwa kwa jengo ulilolichora mwenyewe. Nasema hivyo nikijua kwamba huo ndio wakati ambao watu huondoka, kwa kuwa michoro ya kina huchosha sana na ofa za nje huja ukiwa umechoka. Lakini hapo ndipo makosa yako yanapoanza kuonekana, na yanaonekana kwako tu. Mhandisi anapiga simu kwamba boriti yake inapita pale ulipoweka dirisha. Fundi, mara nyingi kijana aliyetoka Kongo au Arua anayekueleza kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko cha ofisini, anakuonyesha kwamba ngazi yako kwenye karatasi inafika lakini kwenye zege kichwa kinagonga. Ukihama kabla ya simu hiyo, makosa yale atayarekebisha mwingine, nawe utayabeba mpaka ofisi mpya na kuyachora tena kwa ujasiri ule ule. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Nimeona wasifu wa watu waliopita ofisi nne kwa miaka mitano, kila mahali "mbunifu wa mradi", na ukiwauliza jengo gani limeisha wanataja picha za kompyuta.

Fundo la pili ni usajili, na vijana hulichanganya na la kwanza. Shahada peke yake haikufanyi uitwe msanifu majengo mbele ya sheria ya Uganda. Jina hilo linalindwa na Sheria ya Usajili wa Wasanifu Majengo, na anayelitoa ni Bodi ya Usajili, baada ya mafunzo ya vitendo chini ya msanifu aliyesajiliwa na baada ya mtihani. Chama cha Wasanifu Majengo cha Uganda ni chombo kingine: huko mnakutana, mnasoma, mnagombana kwa adabu. Kinachokuhusu katika suala la kuhama ni kwamba uthibitisho wa mafunzo yako unatoka kwa mtu, si kwa jengo la ofisi. Ukiondoka kwa ugomvi kabla hajakusainia kazi ulizofanya chini yake, umeacha sehemu ya maisha yako kwenye droo yake. Saini zikusanywe kila baada ya miezi michache, wakati bado mnataniana. Na ukitazama ofisi mpya, uliza kama msanifu aliyesajiliwa anakaa pale kila siku au jina lake lipo ukutani tu na yeye yuko Mbarara.

Wapo wanaoona njia ya mkato: waache ajira, wachore ramani za nyumba za watu usiku na mchana, kisha wakodi muhuri wa aliyesajiliwa kwa kila seti ya michoro. Pesa ya haraka ipo, sitaki kudanganya. Lakini mwenye muhuri ndiye anayebeba dhamana ya jengo lile, na mwenye kuchora hapati chochote cha kuionyesha Bodi. Tangu Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya 2013 ianze kutekelezwa, na kila jengo linapoporomoka Kampala, swali la nani aliweka muhuri linaulizwa kwa sauti zaidi. Sioni kama hiyo ni kuhama ofisi. Ni kuhamia pasipo na ofisi.

Usajili una faida nyingine ambayo haisemwi vya kutosha. Mwaka 2011 bodi za usanifu za Afrika Mashariki zilitia saini makubaliano ya kutambuana, ili msanifu aliyesajiliwa nchi moja aweze kusajiliwa katika nyingine bila kuanza upya. Makubaliano hayo yanamhusu aliyesajiliwa kwao kwanza. Anayevuka kwenda Kigali, Nairobi au Dar es Salaam na shahada tu huvuka akiwa mchoraji, hata akiitwa kwa cheo kikubwa ofisini, na mkataba wake huandikwa hivyo. Kama hamu yako ni kutoka nje ya Uganda na umebakiza miezi minane kufika kwenye mtihani, miezi minane hiyo ina thamani kuliko nyongeza yoyote ya mshahara utakayoahidiwa.

Sasa pesa, maana siwezi kuandika kana kwamba watu hawalipi kodi ya nyumba. Kuna tofauti kubwa kati ya mshahara mdogo na mshahara usiokuja. Mshahara mdogo unaopimwa dhidi ya hatua za jengo unazopewa unaweza kuwa biashara nzuri kwa muda. Mshahara usiokuja ni dalili ya ugonjwa, na sababu zake zinafahamika: ofisi ina wateja wawili wakubwa, mmoja ni serikali inayochelewesha malipo kwa mwaka mzima, mwingine amesitisha ujenzi akisubiri uchaguzi upite. Bosi ana nia njema na hana senti. Kumuonea huruma ni jambo la utu, ila huruma isikuzuie kuchunguza. Fungua taarifa yako ya NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii. Mwajiri anapaswa kupeleka asilimia 15 ya mshahara wako kila mwezi, 5 kutoka kwako na 10 kutoka kwake, na tangu sheria irekebishwe mwaka 2022 hata mwenye mfanyakazi mmoja anahusika. Ofisi inayoanza kuugua huacha kupeleka michango hiyo kabla haijaanza kuchelewesha mishahara, kwa kuwa inajua wafanyakazi hawaangalii. Ukikuta wanakata 5 yako na haifiki, usisubiri jengo lolote liishe. Hapo kanuni yangu ya hatua inavunjika, na ivunjike tu.

Na kuna wanaogundua kwamba hawamo NSSF kabisa. Wanakatwa asilimia 6 ya kodi ya zuio, ile inayokatwa kabla malipo hayajamfikia mtu, kila mwezi na kuitwa washauri, wakati wanaingia saa mbili asubuhi na kuomba ruhusa ya kwenda hospitali. Ofisi hupenda mpango huu kwa sababu ni nafuu kwake. Kwako unamaanisha hakuna likizo ya malipo, hakuna akiba, na siku wakikuambia usije kesho itakubidi uthibitishe kwanza kwamba ulikuwa mfanyakazi. Jambo hili likaguliwe siku ya kuingia. Siku ya kutoka ni kuchelewa.

Kinachonishangaza ni kwamba wengi wakiamua kuhama huhama kutoka ofisi moja kwenda nyingine inayofanana nayo, kilomita mbili mbele. Kama ofisi ya kwanza iliishi kwa vibali vya nyumba za watu binafsi na ya pili inaishi hivyo hivyo, umebadilisha kiti. Kuhama kwenye maana ni kubadilisha aina ya mteja. Mwaka mmoja kwa mkandarasi utakufundisha bei ya kila mstari unaouchora, na utaacha kuchora kona zinazogharimu bila faida. Idara ya majengo ya serikali au ya jiji itakufundisha upande wa pili wa meza ya vibali. Miji iliyopandishwa hadhi mwaka 2020, kama Arua, Gulu na Mbarara, ina kazi za shule, hospitali na masoko ambazo msanifu kijana hapewi Kampala kwa sababu foleni ni ndefu. Huko unaweza kusimamia jengo zima ukiwa na umri ambao Kololo ungekuwa bado kwenye vyoo. Utakosa mijadala ya ubunifu, hiyo ni kweli, na utachoka kuwa peke yako.

Mashirika ya misaada ni habari yake. Yanalipa vizuri, gari lipo, posho ya safari ipo. Kazi yenyewe mara nyingi ni darasa lile lile na kituo kile kile cha afya, mchoro mmoja ukirudiwa katika wilaya za wakimbizi. Baada ya miaka minne unakuwa meneja hodari wa miradi ambaye mkono wake wa kubuni umekauka. Wengine wanalitaka hilo, na ni chaguo la heshima. Ila mwaka 2025 Marekani ilipoifunga USAID, shirika lake la misaada, kazi nyingi zilizotegemea fedha hizo zilikatika kwa wiki chache. Wazee wa sekta ya ujenzi wana kumbukumbu ya Juba, mji mkuu wa Sudan Kusini: Waganda walimiminika huko baada ya amani ya 2005, hasa karibu na uhuru wa 2011, kukawa na kazi tele, kisha vita vya Desemba 2013 vikawarudisha nyumbani. Sasa wanatajiwa Hoima, mafuta na bomba la kwenda Tanga. Sisemi watu wasiende. Aendaye aende kwa ajili ya jengo atakaloweza kulimaliza kabla upepo haujageuka.

Pale Kamwokya, jengo la Makumbusho ya Uganda lilibuniwa na Ernst May, Mjerumani aliyejenga makazi ya maelfu ya watu Frankfurt miaka ya 1920, akaenda Umoja wa Kisovieti mwaka 1930, kisha akaja Afrika Mashariki na kuanza kwa kulima. Miaka ya 1940 alipewa kazi ya kupanga upanuzi wa Kampala upande wa Naguru na Nakawa. Siasa ilimsukuma mara nyingi kuliko hiari yake, kwa hiyo simtoi kama kielelezo cha maamuzi mazuri. Ninachokiona kwake ni kwamba kila alikofika, aliulizwa juu ya makazi aliyoyajenga tayari, na alikuwa nayo ya kuonyesha.

Kuonyesha nako kuna sheria yake. Kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki ya 2006, michoro uliyochora ukiwa mwajiriwa ni mali ya mwajiri, isipokuwa mkataba useme vinginevyo. Kunakili mafaili yote kwenye flashi usiku wa mwisho ni kosa, na wasimamizi wa kompyuta huona. Omba ruhusa kwa barua pepe ya kutumia kurasa kadhaa katika mkusanyo wa kazi zako, ukitaja jina la ofisi na sehemu uliyofanya wewe. Maombi ya namna hii hukubaliwa zaidi kuliko watu wanavyodhani. Wateja nao usiwachukue. Kampala ni ndogo: bosi wako wa leo alisoma na bosi wako wa kesho, na wote wawili wamo kwenye kundi moja la WhatsApp.

Notisi imewekwa na Sheria ya Ajira ya 2006, na inakubana wewe kama inavyombana mwajiri. Aliyefanya kazi zaidi ya miezi sita lakini chini ya mwaka anatoa wiki mbili. Kati ya mwaka na miaka mitano, mwezi mmoja. Kati ya mitano na kumi, miezi miwili. Kuanzia kumi, mitatu. Mkataba unaweza kudai zaidi, kwa hiyo usome. Mwambie bosi mwenyewe, uso kwa uso, kabla ya barua na kabla ya wenzako, na kama ni mtu mzima aliyekulea kikazi usimwambie mlangoni akiwa anaelekea kwa mteja. Omba cheti cha utumishi. Sheria inakupa haki hiyo. Kama unadai mishahara, deni liandikwe na lisainiwe siku hiyo, likiwa na tarehe za malipo. Afisa wa kazi wa wilaya husikiliza karatasi haraka kuliko anavyosikiliza malalamiko.

Na huko unakokwenda, usitosheke kuulizwa wewe tu. Uliza ni majengo mangapi ya ofisi ile yanajengwa hivi sasa, si yanayochorwa. Uliza nani alihudhuria mkutano wa saiti wa mwisho na ana miaka mingapi kazini. Uliza aliyekalia kiti unachopewa alikwenda wapi, na kama inawezekana mpigie simu. Ukijibiwa haraka, kwa majina ya miradi na siku za wiki, kuna kazi ya kujifunza pale. Ukionyeshwa picha nzuri za kompyuta ukutani na chai ikaletwa, kunywa chai, shukuru, kisha uliza tena swali la kwanza.